Mgeni wa Ghala la Chini

Bi Somoe alikuwa akimenya vitunguu aliposikia mtu akibisha. "Karibu!" akaitikia, akajifuta mikono kwenye kanga na kukimbilia mlangoni. Nje hapakuwa na mtu, ila mvua tu. Kubisha kukaanza tena, na safari hii akajua kunatoka chini ya sakafu.

Alipofungua ghala la chini, maji yalikuwa yameshafika nusu ya ngazi. Masufuria ya mtaa, yale aliyokabidhiwa na wanawake wenzake ayatunze kwa ajili ya harusi na hitima, yalikuwa yanaelea yakigonga ukuta. Zamani haikupita wiki bila mtu kuja kuyaazima, na hakuna aliyeondoka bila kunywa kahawa. Siku hizi watu huagiza pilau iliyokwisha kupikwa.

Akamwita jirani yake dirishani. "Mwanakheri! Ghala limejaa maji, masufuria yanaelea!"

"Pole, shoga. Yaache tu, nani atayataka tena?" Mwanakheri akajibu, akafunga dirisha mvua isimwingilie.

Bi Somoe akajifunga kanga kiunoni, akawa anachota kwa ndoo, anapanda, anamwaga uani, anarudi, mpaka mgongo ukagoma. Maji yakapungua. Masufuria yakatua sakafuni moja moja, yakanyamaza. Likabaki lile kubwa la harusi, likigonga kwa unyonge.

Alisimama kwenye ngazi, ndoo imejaa mkononi, akilisikiliza.

"Karibu," akasema.

Kisha akaimwaga ile ndoo mle mle ghalani.