Majirani wa Pembeni mwa Swali

Tunu alitoka kwenye mtihani wa leseni ya udaktari akiwa peku, viatu amevining'iniza mkononi. Shangazi yake Mwatime, mshonaji, aliinuka kwenye benchi na kitabu cha Tunu cha maswali ya mazoezi kwapani.

Mara mbili Tunu alikuwa amefeli. Alikikariri kitabu chote, lakini wagonjwa wa kwenye karatasi walimchanganya. Ndipo shangazi akachukua penseli na kuandika jina la jirani pembeni mwa kila swali. Anayelala ameketi, ameegemea mito mitatu, akawa Mzee Ngwali. Anayemaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri akawa Bi Hidaya.

"Haya mwanangu, walikuja?"

"Walikuja wote, shangazi! Mzee Ngwali na mito yake, swali la tatu tu. Nusura nimpe shikamoo."

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi! Twende nyumbani ukale."

"Ila kuna mmoja hukuniandikia. Mwanamke mshonaji. Kila akiamka vidole vimekufa ganzi, anaukung'uta mkono weee, halafu anakaa cherehani kama hana lolote."

Shangazi, aliyekuwa akiukung'uta mkono wa kulia, aliuficha upesi ndani ya kanga.

"Na huyo ulimjibu?"

"Bila hata kufikiri. Hebu nipe huo mkono."

Shangazi alikiweka kitabu benchini. Kisha, polepole, ncha za vidole zikachungulia kwenye pindo la kanga.