Kufumba Macho

Nafasi ya kazi ilikuwa moja, na waliofika karakana siku ile walikuwa tisa. Mama Fundi alimwekea binti mmoja, Kijiti, cherehani mezani. "Ifungue yote, kisha uifunge tuone."

Binti aliifungua yote, kisha akaanza kuifunga. Springi, bobini, skrubu ya mwisho iliyoteleza kwa mafuta: kila kimoja kilirudi mahali pake chapuchapu.

Minong'ono ikakatika. Ndipo alipogundua kwamba alikuwa amefumba macho tangu mwanzo, kama walivyomfunza msituni wale waliomtoa shuleni kwa nguvu. Huko alichofungua na kufunga kilikuwa bunduki.

Alipofumbua, wenzake walikuwa wamesogea nyuma. Akautazama mlango.

Mama Fundi akainama kama anayekagua sindano, akamnong'oneza: "Jizoeze kufumbua, mwanangu. Mimi ilinichukua miaka miwili."