Bilauri ya Kwanza

Siku hiyo mjinga alikuwa Kai, na hata leo ukimuuliza hakatai. Mtu mzima, mwenye kisukari cha miaka, anajidunga insulini kwenye choo cha wakwe kwa sababu tu pua yake imenusa kuku wa nazi. Harufu si chakula. Alipotoka akifuta mikono, alikuta sufuria bado zimefunikwa, wazee wamekaa duara, na katikati yao dumu la pombe ya mnazi alilolileta mwenyewe.

Pale Ziwa la Ng'ombe, kwa Wagiriama wa nyumba ile, mnazi wa posa huonjwa kwanza na aliyeuleta, ili ijulikane hakutia kitu. Kai alilijua hilo. Ndiyo maana yeye na rafikiye Ronny walitafuta mnazi mkali, uliolala.

"Mtamu ndio wenye sukari," Ronny alikuwa amemwambia, kwa uhakika wa mtu asiyeumwa. "Huu mkali kwako ni dawa."

Kusema ukweli kwa wakwe? Hata. Posa yake ya kwanza, kule Changamwe, ilivunjika siku alipoutaja ugonjwa wake. Mercyline, mchumba wake, alijua. Wazazi wake wangejua baada ya harusi.

Mzee Erastus, baba wa Mercyline, alikuwa akitafuna muhogo tangu wageni walipobisha hodi. Alimkazia macho.

"Umekula, kijana?"

"Nimeshiba, baba." Nani aendaye ukweni akakiri njaa?

"Nauliza, umekula?"

"Nimekula."

Kai akahisi anapimwa. Akajaza bilauri, akaonja kidogo.

"Mkwe anadonoa kama kuku," akasema mzee mmoja, na watu wakacheka. "Ama anajua alichotia?"

Hapo ungefanya nini? Akaimaliza. Wakamjazia ya pili, akaimaliza nayo.

Ndipo wazee wakapokea zao. Mzee Erastus aliwamwagia koma, wale waliotangulia mbele ya haki, mpaka udongo ukafanya tope. Kilichobaki kwenye bilauri yake kisingelowesha ulimi. Mtu wa mila huyu, Kai aliwaza kwa hofu. Hatakubali mkwe mwenye kasoro.

Yakazungumzwa ya mahari, yakazungumzwa ya ukoo, na kuku wa nazi akabaki jikoni. Vidole vya Kai vikaanza kutetemeka. Jasho likamtoka, la baridi, hadi kiunoni. Alitaka kuomba chai ya sukari, ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Bilauri ikamponyoka.

Duara zima likamgeukia.

"Aliyeonja anatetemeka," mtu akasema taratibu.

Bilauri zikatupwa kama zimejaa siafu. Yule mzee mcheshi akajitia kidole kooni, akatapikia maua. Mtu akafunga geti. "Alitaka kutumaliza sote," sauti ikasema, na fimbo zikaanza kuokotwa. Ronny, daktari wa asubuhi, sasa alikuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji.

Kai aliona midomo ikicheza, maneno hakuyasikia vizuri. Alijua tu kwamba atakufa, ama kwa sukari kushuka ama kwa fimbo, na fimbo zilikuwa karibu zaidi.

Mzee Erastus peke yake hakuitupa bilauri yake. Aliiweka chini polepole, akatazama pembeni.

Aliyemfikia Kai kwanza ni Kanze, mama wa Mercyline. Alizipenya fimbo, akamgusa shingo, akamnusa mdomo. Hakuuliza ametia nini.

"Umejidunga saa ngapi?"

"Niliponusa... kuku, mama."

Mama akaingia ndani mbio, kanga ikimdondoka, akarudi na pakiti ya glukosi. Akamlambisha kwa kidole, kidogo kidogo, hadi dunia ikaanza kumrudia Kai, ikianzia na miguu ya watu.

"Hakuna sumu hapa," Kanze akawaambia wenye fimbo. "Ni kisukari. Kajidunga, hajala, na juu yake kanywa mnazi mkali. Mnazi na sindano vikikuta tumbo tupu, humalizana na mwenye tumbo."

Fimbo zikashuka moja moja. Kai akadhani hofu imekwisha. Ndipo Mzee Erastus akasimama.

"Umenidanganya mbele ya koma zangu. Nimekuuliza mara mbili."

"Nisamehe, baba. Niliogopa."

"Mwanamume haogopi. Chukua dumu lako. Mercyline haolewi na mgonjwa wa sukari. Ugonjwa huo haujapata kuingia nyumba hii, na hautaingia leo."

Pazia la dirishani likatikisika. Nyuma yake Mercyline alikuwa akilia.

Kanze aliikunja pakiti ya glukosi polepole, akaitia kwenye mfuko wa shati la mumewe, akaupapasa juu yake.

"Shika, Baba Mercyline," alisema. "Kairudishe mwenyewe chini ya mto wako, nilikoitoa."