Ukurasa wa Tisa

Ukurasa wa tisa ulirudi mezani umepigwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Huu uondoe," alisema meneja. Wafanyakazi walimwita Bwana Haraka, na hata sasa alikuwa na mguu mmoja nje ya mlango. "Kadi zilizofutwa za nini tena? Nani anataka kufukua makaburi?"

Akaenda zake. Mwandishi alibaki akiuma meno.

Kilikuwa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, mashine zikinguruma kutwa. Kitu kikiharibika, aliyekiona aliandika kadi kwenye ubao wa kazi, ule wa ndani ya kompyuta. Zamani meneja aliusoma mwenyewe. Sasa ulisomwa na msaidizi wa akili bandia kupitia chombo kipya, na huyo msaidizi ndiye aliyewagawia mafundi kazi kila asubuhi. Mwandishi aliajiriwa kuandika mwongozo wa chombo hicho: namna ya kumfungulia msaidizi ubao, namna ya kumuuliza, namna ya kumzuia, na kwenye ukurasa wa tisa, namna ya kumwomba asome kadi zilizofutwa. Bwana Haraka alimpa ruhusa zote alizokuwa nazo yeye, asije akamgongea mlango kila saa.

Mwandishi huyo walimwita Mwalimu. Hakuandika hatua ambayo hakuijaribu kwa mkono wake. Jumatatu aliweka kadi tatu za majaribio palepale kwenye ubao, moja ya taa, moja ya mlango, moja ya bomba la choo, kwa sababu mfano usiofanana na kazi yenyewe haumfundishi mtu kitu. Mchana akazifuta. Tatu aliweka, tatu akatoa, akafunga kompyuta, akaenda kusali.

Jumanne bomba la mvuke la pasi namba nne lilipasuka. Mama mmoja mpiga pasi, waliyemwita Bi Pasi, aliungua mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

Fundi wa mvuke alikuwa mdogo wake Mwalimu, tumbo moja. Leo Alhamisi, saa nne, alitakiwa kusaini barua ya kufukuzwa kazi kwa kosa la kuona hatari akanyamaza.

"Dada, niliandika," alisema, macho yamemvimba. "Naapa mbele ya Mungu. Jumatatu asubuhi, hata glavu sijavaa. Nikasema bomba linavuja, pasi isiwashwe. Leo kadi haipo. Nimekuwa mwendawazimu?"

"Huna wazimu. Kuna mtu kaifuta."

"Nani?"

"Kadi haifutwi na kila mpita njia. Lazima uwe na ruhusa." Mwalimu aliinua ule ukurasa wenye mstari mwekundu. "Na nani hapa hataki makaburi yafukuliwe?"

Fundi bomba aliingia bila hodi, spana mkononi.

"Mwalimu, huyo msaidizi wenu ana kisa na mimi. Siku ya tatu leo ananituma choo cha wageni, eti bomba linavuja. Halivuji! Nimelichungulia mpaka limenizoea."

"Si wakati wake, mzee wangu."

"Basi mwambie anitume hata jikoni, nipate chai."

Hakuna aliyecheka. Akatoka akinung'unika.

Saa nne chumba cha mikutano kilijaa mpaka mlangoni. Bi Pasi alikaa mbele, mkono umefungwa bendeji, ameupakata kama mtoto mchanga. Barua ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

Mwalimu hakukaa.

"Kabla mdogo wangu hajasaini, tuujaribu mwongozo. Ukurasa wa tisa."

"Nimesema uondolewe," alisema Bwana Haraka. "Wakaguzi wataanza kutuuliza maswali ambayo..."

"Ambayo wewe hutaki kuyajibu!" Watu waligeuka. Hawakuwahi kumsikia Mwalimu akipaza sauti. "Mwaka mzima unatukimbiza kama kuku. Mtu akisema mashine imechoka, unamjibu kachoka yeye. Sasa mwenzetu kaungua, unamtwisha mzigo mtoto wa watu! Hata haya huna? Mungu anakuona. Aliyeifuta kadi ile ajue kuwa mkono huu ameuchoma yeye." Alimwonyesha Bi Pasi. "Atoke leo hii hii. Wala asiage."

"Asiage!" aliitikia mtu wa nyuma.

Bi Pasi alizungumza taratibu, hata wa mlangoni wakasogea wasikie. "Nyumbani nimewaambia wanangu ni bahati mbaya. Kama si bahati mbaya, mimi nataka jina tu."

Bwana Haraka alijipangusa jasho. "Haya, uliza. Sina ninachoficha. Mimi naona mwongozo umekuwa mrefu, basi."

"Mrefu!" alisema Mwalimu. "Utaona urefu wake."

Aliufungua ukurasa wa tisa, akafuata hatua zake mwenyewe moja baada ya nyingine. Mdogo wake alimshika bega. Mwalimu akaongeza sauti ya kompyuta mpaka mwisho, wa nyuma nao wasikie, kisha akabonyeza.

Msaidizi alisoma bila papara, kama mtu anayetangaza hali ya hewa.

"Kadi ya pasi namba nne. Bomba linavuja mvuke, pasi isiwashwe. Imeandikwa Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, na fundi wa mvuke. Imefutwa Jumatatu, saa saba mchana, na mwandishi wa mwongozo. Sababu iliyoandikwa: kadi ya majaribio, haina kazi tena."