Kichupa Kisicho na Jina

Mwanamisi, aliyekuwa akijifunza kutengeneza kucha, alikuwa ameshafika duka la nne. Alikigeuza kichupa alichopewa na mama muuzaji huku na huku, asione jina la kiwanda wala tarehe.

"Mama, humu mna nini?"

"Gundi ya kucha. Kwa bei hii hupati kwingine."

"Jamani! Maduka manne, jibu lile lile! Kesho naanza na vidole vya mama yangu mzazi."

Alipokifungua, harufu ikamchoma macho. Akachovya brashi yake. "Haya, nipe kidole chako nijaribu."

Muuzaji akacheka. Kucha zake zilikuwa fupi, hazikupakwa kitu. Akaishusha mikono yake taratibu chini ya meza. Tone likadondoka kutoka kwenye brashi, na rangi ya meza ikaanza kujikunja.