Aliyepanda Magugu Fungu Mtondoo

Kila Manal aliposimama kupiga picha, palikuwa na miche.

Alitembea hatua hamsini kama ratiba ya ukaguzi ilivyotaka, akasimama, akakung'uta mchanga kwenye buti, akatazama chini. Miche mitano, majani yake mabichi yakimeta juu ya mchanga mweupe. Hatua hamsini nyingine, miche tena. Katikati hapakuwa na kitu. Gugu la porini halijui kuhesabu. Palikuwa na mtu anayelipanda.

Miaka sita kampuni ya rangi iliyomwajiri ilikuwa imejitwika kazi ya kuling'oa gugu lile kwenye hifadhi ya kisiwa cha Fungu Mtondoo. Vibarua walilibandika jina la shemeji, maana lilikuja kutembea likahamia. Bara watu walikwisha kulizoea. Mtaani Goba, alikopanga Manal, lilijaa kwenye kila kichochoro na wapitao walilikanyaga bila kulitazama. Kisiwani lilikuwa balaa. Lilifunika mchanga ambao ndege waitwao membe hutagia, na membe akikosa mchanga mtupu huenda zake.

Mwaka jana gugu lilikaribia kwisha na membe wakaanza kurudi. Ndipo kampuni ikamwajiri Manal, awe anakwenda kila mwezi kukagua na kupiga picha, ili siku ya kutangaza ushindi pawe na ushahidi. Badala ya kwisha, gugu likafufuka.

Benson, meneja wa mradi, hakusumbuka kufikiri. Gugu likiisha na kibarua kinaisha, alimwambia Manal ofisini kwao Kinondoni, na hakuna mtu anayezima moto unaomwivishia ugali. Wanapanda palepale anapopiga picha ili ripoti ionyeshe kazi bado ipo. Alimtaka amlete mhusika.

Manal hakupenda kuamini. Vibarua walikuwa kumi na wanne, wengi wao wanawake, wakiongozwa na Margareta, mama wa Kimakonde aliyekuwa akitoka Mbagala kabla hakujapambazuka. Hakuna safari ambayo Margareta hakumwekea muhogo wa kuchemsha, na kila shikamoo ya Manal ilipata marahaba mwanangu. Lakini kando ya miche palikuwa na nyayo za miguu mitupu, na waliotembea pekupeku kisiwani ni vibarua peke yao. Viatu walivyoahidiwa na kampuni havikuwahi kufika.

Mwezi uliofuata Manal alikaa siku mbili badala ya moja, bila kumwambia mtu. Asubuhi ya pili alimkuta Margareta amepiga magoti kwenye kituo cha tatu cha picha, vidole vimezama mchangani. Kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga mbegu ndogo nyeusi, zaidi ya konzi.

"Naziokota, mwanangu," Margareta alisema. "Kila ukishaondoka mie napita kuziokota, nakwenda kuzichoma. Sijui zinatoka wapi."

Manal akamuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Tungesema, mngetuambia tunazipanda sie."

Manal aliinua kamera akaipiga picha khanga ile. Picha akampelekea Benson.

Jumatatu vibarua wote kumi na wanne waliondolewa. Jumanne Margareta alifika getini Kinondoni, akasimama tangu asubuhi hadi adhuhuri akimsihi mlinzi amwitie Manal. Alisema hakufuata kazi, alitaka tu aulizwe tena, taratibu. Manal alimwona kupitia dirishani. Hakushuka.

Kampuni ikaleta watu wa kunyunyizia sumu. Gugu lilikauka, na kila kilichoota jirani nalo kikakauka pia. Manal akaambiwa aende kila wiki, na vituo vya picha vikaongezwa hadi upande wa kaskazini, kwenye viota. Masika ilinyesha vizuri mwaka ule. Mvua ilipokatika, kaskazini yote ilikuwa kijani kwa gugu. Membe walizunguka juu ya kisiwa siku tatu, wakaondoka.

Mwezi wa saba kampuni ilitangaza kwamba imehamishia nguvu zake kwenye mradi mwingine. Fungu Mtondoo hapakutajwa.

Manal alipiga namba ya Margareta mara nyingi kabla haijapokelewa. Aliyeipokea ni binti yake, Editha. Alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba mama alirudi Masasi tangu majirani wa Mbagala waliposikia kwamba alifukuzwa kwa kuharibu kisiwa, na kwamba siku hizi hatoki nje. Manal alimwomba amfikishie salamu.

"Hapana, dada," Editha alisema. "Naomba usipige tena."

Mkataba wa Manal nao ulifika mwisho. Siku ya kuaga alibeba vifaa vya kampuni hadi stoo: kamera, hema, kofia, buti. Shomari, mtunza stoo, alivipokea kimoja kimoja akiweka alama kwenye orodha yake. Alipofika kwenye buti akazigeuza, akamrudishia.

"Hizi sipokei hivi. Inaonekana tangu upewe hujawahi kuzikwangua."

Manal alitoka nje, akaketi ngazini, akaokota msumari. Tope lililojaa kwenye soli lilikuwa jekundu, la Goba, limeshindiliwa likawa gumu kama tofali. Alilibandua tabaka baada ya tabaka. Tabaka la tatu lilipokatika, mbegu zikaanza kudondoka kwenye ngazi, ndogo, nyeusi, na kila alipochokoa zilizidi kutoka.