Barua Zisizo na Jina

Hakuwa na ofisi. Hakuwa na meza, ila dawati la nyuma katika darasa tupu. Hakuwa na namba ya serikali, na mwalimu asiye na namba hana mshahara. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja wa kuingoja. Koti lake la harusi lilikuwa limebaki na kifungo kimoja. Hata hivyo kila Alhamisi Mwalimu Constantin alilivaa, akaketi pale shuleni, mtaa wa Makomeno, kuwashauri wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuhusu kazi.

Mwezi wa tano alipata kitu cha kuwapa. Kampuni moja ya malori ilitafuta karani wa ghala, ikamwomba apeleke barua moja tu, ya yule anayefaa.

Walioitaka kazi hiyo walikuwa kumi na tisa. Kwa majuma matatu aliwafundisha kuandika barua ya maombi. Kisha akatoa sharti: jina lisiandikwe, wala umri, wala shule. Katika mji huu, alisema, jina la mtu husema baba yake alitoka wapi, na barua hutupwa kabla ya kusomwa. Yeye angepima maandishi tu.

Hénoc, mmoja wa wanafunzi, akacheka kule nyuma. "Syntiche, leo hata Mukasai atapita."

Msichana huyo hakucheka. Mwaka ule barua zake nne zilikuwa zimekwenda kwa waajiri na jina la Kikasai la baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo aliyehamia hapa kutoka Kasai, na hakuna iliyojibiwa. Mjomba wake alikuwa amekwisha kupanga: mitihani ikiisha, atampeleka Kasumbalesa auze maji kwa madereva kwenye foleni ya mpaka.

Siku ya kukusanya barua, alingoja wenzake watoke.

"Mwalimu, kama yangu ndiyo muzuri, mutajua je ni yangu?"

"Mwandiko wako naujua, mama."

"Na jina? Mutaliandika?"

"Jina litaandikwa."

Akamshukuru kwa mikono miwili, akaenda.

Mwalimu alizisoma zote palepale. Nyingi zilijaa maneno makubwa. Ya Syntiche haikuhitaji kuguswa hata nukta. Ilieleza kwamba ghala hulindwa kwa macho kabla ya kufuli, na kwamba aliyekua tangu utoto akipanga vifungo na nyuzi hapotezi hata kitu kidogo. Aliisoma mara mbili. Akashika kifungo cha koti lake.

"Ni hii," akasema, ingawa hakukuwa na mtu.

Akazipasua zile kumi na nane. Akatafuta kalamu yenye wino wa bluu kama ule wa barua, akajaribu herufi kadhaa kwenye kiganja mpaka zikafanana na za msichana.

Mahali pa jina akaandika: Constantin Chomba. Kisha akalamba bahasha, akaifunga, akaipeleka mwenyewe kwa dereva wa kampuni.